Shemeji haendi popote bila bastola, na sasa anataka kuwapeleka watoto kwenye tamasha

Shikamoo Bi Mkubwa,

Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Majengo, Mombasa. Huu ni mwaka wa tisa tunaishi Irving, Texas. Nakuandikia usiku kwa sababu mume wangu ni dereva wa lori na leo yuko njiani, na mchana siwezi kukaa nikafikiri.

Jambo langu linamhusu shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu. Yeye ndiye aliyetupokea tulipofika Marekani. Miezi saba tulilala kwake, tukala chake, na hakutukunjia uso hata siku moja. Ndiye aliyenifundisha kuendesha gari kwenye hizi barabara za huku. Nakueleza haya ujue kwamba simchukii.

Shemeji ni mtu wa bastola. Akitoka nyumbani kwake iko kiunoni, ndani ya ala, chini ya shati. Ana leseni ya jimbo na huitoa kuwaonyesha watu kama bibi anavyoonyesha picha ya mjukuu. Sababu anayo. Mwaka 2013 alikuwa Nairobi, na ile Jumamosi magaidi walipovamia maduka ya Westgate alikuwa ndani. Alilala chini ya kaunta ya duka saa nne nzima, na asema waliomtoa walikuwa raia wenye bastola zao. Tangu siku hiyo hakai mkahawani akaupa mlango mgongo.

Ramadhani iliyopita alikuja kufuturu kwetu. Kabla ya Magharibi akaingia bafuni kutawadha, akavua ala akaiweka juu ya kabati la taulo, akatoka akaisahau. Baadaye binti yangu wa miaka sita akaja jikoni akaniambia, "Mama, ami amesahau simu yake bafuni. Ile nyeusi nzito." Nilikwenda mbio nikaikuta. Nikamwita shemeji pembeni. Akacheka, akasema hakukuwa na risasi chemba, pale inapokaa tayari kufyatuliwa, kwa hivyo haikuwa na hatari. Mume wangu nilipomweleza alinyamaza, kisha akasema, "Kaka haambiwi." Basi nami nikanyamaza.

Sasa limekuja jingine. Mwanangu wa kiume ana miaka 15 na roho yake yote iko kwenye anime, zile katuni za Kijapani. Wiki tatu zijazo kuna tamasha la mashabiki hapa Dallas, siku tatu, ndani ya hoteli kubwa. Tangu kiangazi anajishonea deraya kwa ile mikeka ya sponji ya watoto kuchezea, na upanga wa sponji mrefu kumpita. Anataka kwenda na binamu yake wa miaka 17, binti wa shemeji. Mimi wikendi nina zamu kwenye nyumba ya wazee, mume wangu atakuwa njiani, na shemeji amejitolea kuwapeleka. Amekwisha kodi chumba hotelini humo humo, walale wote watatu.

Kanuni za tamasha zinasema silaha ya kweli haiingii, hata mtu awe na leseni. Nilimsomea. Akaniambia kanuni ya tamasha si sheria, vibao vingi vya mlangoni ni plastiki tu, na kwa kuwa amekodi chumba, sheria ya Texas inamruhusu kuwa nayo hotelini. Akaniuliza, "Unajua waliouawa kwa risasi kwenye maduka ya Allen, hapa Texas, walikuwa na nini mikononi? Mifuko ya nguo." Sikuwa na jibu.

Nataka kujua: ni kweli anaweza kuingia nayo? Na nyumbani kwangu, ninaweza kumkataza, hali sisi ni wapangaji tu? Rafiki yangu kazini ananishauri nipige simu polisi kimyakimya siku ile, au niwaambie waandaaji wamkague. Naogopa kumpoteza shemeji, naogopa kumvunja moyo mwanangu, na hilo la bafuni bado linaniamsha usiku.

Mama Watatu, Irving

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako inazungumzia zaidi tamasha, lakini neno lililonizuia kuendelea kusoma ni "nzito". Mtoto wa miaka sita hajui uzito wa kitu kwa kukitazama. Kwa hiyo ruhusu nianze bafuni, tamasha litafuata.

Texas, jimbo ambalo watu husema halikatazi kitu, lina sheria juu ya jambo hilo hasa. Ukiacha silaha yenye risasi mahali ambapo ulijua au ulipaswa kujua kwamba mtoto wa chini ya miaka 17 anaweza kuifikia, naye akaifikia, umefanya kosa. Ni kosa dogo la daraja C, la faini tu. Mtoto akifyatua, mtu akafa au akaumia vibaya, linapanda hadi daraja A, na hapo kuna kifungo cha hadi mwaka mmoja. Na lile neno la shemeji kwamba hakukuwa na risasi chemba, sheria imeshalijibu: silaha iliyojazwa inahesabiwa kuwa tayari kufyatuka, risasi iwe chemba au isiwe. Leseni haimtoi mtu hapo. Leseni inasema unaweza kuibeba. Haisemi unaweza kuiweka juu ya taulo za watu.

Ulipaswa kusema usiku ule ule. Nakwambia bila kukupamba, na mumeo namwambia mara mbili. Kaka aliyekulisha miezi saba anastahili heshima, naam, na heshima ya kwanza ni kumwepusha na siku ambayo angemzika mtoto wa ndugu yake huku akijua ni kwa mkono wa nani.

Kuhusu upangaji wenu. Wengi hufikiri kwamba kwa sababu wamepanga, neno ni la meneja wa jengo. Katika hili ni kinyume. Tangu 2019 Texas ina sheria inayomzuia mwenye nyumba za kupangisha kumkataza mpangaji, au mgeni wa mpangaji, kuwa na silaha halali ndani ya chumba alichopanga. Basi usimtume shemeji kwa meneja na usijifiche nyuma ya mkataba wa pango, maana huenda anaijua sheria hiyo kuliko meneja mwenyewe. Ila inambana mwenye jengo, haikubani wewe. Anayeamua nani apite mlango wako na nini mkononi ni wewe na mumeo. Wala huhitaji kibao. Kumwambia mtu kwa mdomo, "Humu haingii na bastola," kunatosha kisheria. Akiambiwa uso kwa uso akakataa kutoka, hilo si la faini tena, ni daraja A.

Sisi tuliokulia Pwani tuna neno moja tu kwa jambo hili: hodi. Unapiga hodi, unangoja karibu. Usipojibiwa mara ya tatu unarudi zako, hata kama mlango uko wazi na unawaona watu ndani. Wamarekani wamebishana kortini kuhusu jambo hilo hilo, bila kuwa na neno lake. Mwaka 2023 Hawaii ilitunga sheria kwamba mwenye leseni haingii na silaha dukani au mahali pa mtu mpaka mwenyewe aseme wazi kwamba inaruhusiwa. Ikapingwa, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Texas imelala upande wa pili: unaingia nayo mpaka uambiwe hapana. Ubishi wote ni juu ya kimya cha mwenye mali, kihesabiwe ndiyo au kihesabiwe hapana. Akishafungua mdomo, hakuna anayebisha kwamba neno ni lake. Hata ile hukumu ya mahakama hiyo ya Juni 2022, iliyosema kubeba silaha nje ya nyumba yako ni haki ya kikatiba, inaibana serikali. Haimpi mtu ufunguo wa sebule yako.

Sasa tamasha. Shemeji hadanganyi. Ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayomtia hatarini.

Ni kweli vibao vingi havina nguvu. Kwa mwenye leseni, ile picha ya bastola iliyokatwa mstari mwekundu haitoshi. Texas inataka kibao chenye maneno maalumu ya sheria, kwa Kiingereza na Kihispania, herufi za urefu wa inchi moja au zaidi, rangi zinazoonekana, mahali pa wazi. Watu wa huko huviita kwa namba: 30.06 ni cha silaha iliyofichwa, 30.07 ni cha silaha ya wazi kiunoni. Vikiwa viwili mlangoni, amekatazwa vyote. Akivipita ni faini isiyozidi dola 200, na hapo ndipo wanaume wengi huishia kusoma, wakacheka. Lakini kibao si njia pekee. Karatasi yenye maneno hayo hayo ni tangazo halali. Mlinzi anayemwambia, "Mzee, hiyo hairuhusiwi, tafadhali toka," ni tangazo halali pia, na akibaki baada ya hapo ni daraja A: hadi mwaka mmoja ndani na faini hadi dola 4,000. Kwa hiyo tamasha halihitaji kanuni zake ziwe sheria. Linahitaji mtu mmoja mlangoni mwenye kufungua mdomo.

Ni kweli pia kuhusu chumba. Tangu Septemba 2021 hoteli za Texas haziwezi kumkataza mgeni aliyekodi chumba kuwa na silaha yake chumbani, wala kuipitisha moja kwa moja kutoka garini hadi chumbani. Soma tena hayo maneno "moja kwa moja". Ukumbi wa tamasha si njia ya kwenda chumbani. Kuzunguka nayo kati ya meza za wachora katuni siku tatu hakumo. Na hata hapo anapokuwa na haki, nani atalala chumba hicho? Mwanao wa miaka 15. Bafu ni moja, na shemeji atatawadha mara tano kwa siku. Ile sheria ya mtoto na silaha inapanda naye ghorofani.

Nikipita tu: mambo haya yangekuwa na utata zaidi kama tamasha lingekuwa kwenye ukumbi wa jiji, kwa sababu Texas ina masharti mengine kwa ardhi ya serikali. Ninyi wa Dallas mliliona lile sokomoko la maonyesho ya jimbo, State Fair of Texas. Mwaka 2023 watu watatu walijeruhiwa kwa risasi pale Fair Park. Mwaka 2024 waandaaji wakapiga marufuku silaha kwa wote, wenye leseni na wasio nayo. Mwanasheria mkuu wa jimbo, Ken Paxton, akashtaki kwa hoja kwamba uwanja ni wa jiji. Mahakama hazikuizuia marufuku hiyo kabla ya milango kufunguliwa. Hoteli yenu ni mali binafsi, kwa hiyo hayo waachieni mawakili.

Mimi nina swali ambalo wewe hukuuliza: shemeji ameshakuwa raia? Kama bado yuko kwenye grinkadi, habari imebadilika. Sheria ya shirikisho ya uhamiaji inaruhusu kuondolewa nchini mtu ambaye si raia aliyetiwa hatiani chini ya sheria yoyote kwa kubeba au kumiliki silaha kinyume cha sheria. Haisemi "jinai kubwa tu". Si kila kosa dogo litanasa hapo, na hilo ni la wakili wa uhamiaji kupima. Ndiyo maana mtu asilipe faini ya dola 200 kwa haraka ili yaishe, kabla ya kuonana na wakili. Kulipa huko kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kukiri. Na fomu ya kuomba uraia inauliza kama umewahi hata kukamatwa au kuandikiwa kosa. (Wengine mnaosoma hii mkiwa na viza ya masomo au ya kazi: ninyi msiiguse kabisa. Sheria ya shirikisho inawakataza kumiliki, isipokuwa kwa vighairi vichache kama leseni ya uwindaji. Kupelekwa na rafiki kulenga shabaha wikendi kumewahi kuwatia watu matatani.)

Tuje kwenye Westgate, maana ndipo roho yake ilipo, na ukimjibu kwa namba za vifungu peke yake hatakusikia.

Usimwambie kwamba anaota. Tarehe 21 Septemba 2013 ni kweli raia wenye leseni waliingia pamoja na askari wachache waliovaa kiraia, wakatoa watu, kabla serikali haijajipanga. Waliokufa walikuwa 67. Hata huku yapo. Julai 2022, kwenye duka kubwa la Greenwood, Indiana, kijana wa miaka 22 mwenye bastola alimwangusha mtu aliyekuwa ameshaua watatu, na duka lenyewe lilikuwa limekataza silaha. Shemeji akikutajia hilo, mkubalie. Anayekataa ukweli wa mwenzake hasikilizwi wa kwake.

Kisha mkumbushe upande wa pili wa Westgate hiyo hiyo. Saa kadhaa baadaye polisi wa kikosi maalumu na wanajeshi walirushiana risasi wao kwa wao kwa kutotambuana, na afisa akafa. Hao walikuwa na sare na mafunzo. Yeye atakuwa mtu mweusi, bila sare, bastola mkononi, katika ukumbi ambao nusu ya watu wamevaa deraya na kubeba bunduki za plastiki. Novemba 2018 huko Hoover, Alabama, risasi zililia dukani, Emantic Bradford wa miaka 21 akatoa bastola yake halali, na polisi aliyefika alimpiga risasi yeye. Hakuwa yeye aliyefyatua. Philando Castile alikuwa na leseni, mwaka 2016, Minnesota. Alimwambia polisi kwa adabu kwamba ana silaha. Akauawa garini mbele ya mchumba wake na mtoto wa miaka minne, na polisi yule akaachiwa huru. Ukiniuliza mimi, hoja hii ina uzito kuliko kibao chochote cha mlangoni. Bastola inayomfanya shemeji ajihisi mwokozi ndiyo inayomfanya aonekane muuaji kwa mtu mwenye sekunde mbili za kuamua.

Na waandaaji wana sababu zao za kukataa. Mei 2017, tamasha la Phoenix Comicon huko Arizona, mwanamume aliingia akiwa amevaa kama mhusika wa katuni, fulana ya kuzuia risasi mwilini, na bunduki nne za kweli zenye risasi. Alikuja kumuua mwigizaji mmoja, na polisi pia. Kilichowaokoa si bastola ya mtu mwingine ukumbini. Alikuwa akimtumia ujumbe mwanamke mmoja California, mwanamke akaogopa, akawaita polisi. Tangu siku ya pili hata silaha za kuigiza zilipigwa marufuku pale, na foleni za ukaguzi zikawa za masaa. Katika umati ambao kila mmoja ana upanga wa bandia, mlinzi hana njia ya kumtambua mwenye wa kweli isipokuwa wa kweli wote wabaki nje. Hawezi kusoma nia usoni. Babu yangu Lamu alivaa jambia siku ya harusi yake, na hakuna aliyeogopa kwa sababu kila aliyekuwepo alimjua tangu anatambaa. Huko hotelini hakuna anayemjua shemeji.

Basi ufanye nini?

Anza na mumeo. Yeye ndiye wa kusema, kwa simu akiwa huko njiani ikibidi, na aseme kabla ya ziara, si mgeni ameshafika na sambusa ziko mezani. Maneno yawe machache: "Kaka, njoo kama kawaida yako. Ila bastola ibaki kwako, au ifungwe garini kabla hujapiga hodi." Garini si chini ya kiti, maana bastola za kwenye magari huibwa kila siku. Kuna visanduku vya chuma vyenye kufuli, vinafungwa kwa waya mnene kwenye chuma cha kiti, na bei yake si ya kumshinda mtu aliyenunua bastola. Akisema anadharauliwa, mumeo amweleze habari ya "nzito". Naona huenda shemeji hajawahi kuambiwa neno hilo. Ulimwambia umeikuta bafuni. Je, ulimwambia mtoto aliibeba?

Mumeo akikataa kusema, sema wewe. Utatetemeka. Sema hivyo hivyo.

Kuhusu tamasha, mweke mbele ya mawili. Awapeleke watoto bila bastola, bastola ibaki nyumbani kwake Ijumaa mpaka Jumapili, si chumbani hotelini. Au asiwapeleke, na wewe utafute wa kubadilishana naye zamu, au mama wa huyo binti aende nao. Hakuna la tatu. Ahadi ya "nitaiacha garini" kwa siku tatu mimi nisingeipokea kutoka kwa mtu anayeogopa kuupa mlango mgongo. Ataifuata usiku wa kwanza.

Ila usimwachie mikono mitupu. Mtu aliyelala chini ya kaunta saa nne anahitaji kazi ya kufanya. Mpe. Aende mapema Ijumaa apite ukumbi mzima, ajue kila mlango wa dharura unatokea wapi, awachagulie watoto mahali pa kukutana nje wakipotezana. Kuna mafunzo ya huku yanayoitwa Stop the Bleed, yanafundisha kufunga jeraha na kukaza mkanda wa kuzuia damu. Hospitali na vikosi vya zimamoto hutoa, mara nyingi bure, na hayamalizi hata asubuhi moja. Mkanda ule unaingia mfukoni na hakuna mlinzi atakayemtoa nao. Siku ya Westgate watu walikufa kwa kutokwa damu pia, naye anajua kuliko mimi na wewe.

Na kama anashindwa kabisa kukaa ukumbini bila bastola, shida hiyo si ya bastola tena, ni ya hofu inayonyima usingizi. Kuna madaktari wa mambo hayo. Hilo aambiwe na nduguye, faraghani, siku nyingine.

Ushauri wa rafiki yako sitaki hata kuunusa. Usimpigie polisi kimyakimya mtu mweusi mwenye silaha katikati ya umati, ukadhani umempeleka kwa mwalimu mkuu. Umesoma majina niliyoyataja. Kuwaambia waandaaji nyuma ya mgongo wake nako ni usaliti ambao familia haitausahau, na huna haja nao maadamu una kinywa na wiki tatu. Polisi ni kwa siku mtu ametishia mtu. Shemeji hajamtishia yeyote.

Nimebakiza mwanao. Upanga wa sponji, asiutembeze barabarani. Uingie kwenye mfuko mrefu tangu nyumbani, utolewe ndani ya hoteli, upite meza ya ukaguzi ambako huenda wakaufunga kamba ya plastiki ya rangi kuonyesha umeangaliwa. Na kama mavazi yake yana bastola ya kuigiza, hata ya maji, iache. Tamir Rice alikuwa na miaka 12 polisi alipompiga risasi akafa, Cleveland, Novemba 2014, na kilichokuwa mkononi mwake ilikuwa bunduki ya kuchezea iliyokosa ile ncha ya rangi ya chungwa. Mwanao ni mrefu? Kama ni mrefu, bila shaka umeshajua kwamba kwa watu wa huko hahesabiwi tena kuwa mtoto.

Yule mdogo naye mkalishe leo, kwa upole, umwulize aliishikaje ile "simu". Asikie kwako kwamba si simu, kwamba hakukosea kukuambia, na kwamba akiiona tena popote, kwa ami au kwa rafiki wa shule, hatii mkono. Anatoka chumbani na kumwita mtu mzima. Kisha nitumie picha ya deraya hiyo ikikamilika. Mikeka ya sponji! Mimi nilidhani ni ya kulalia tu.

Bi Mkubwa